Mgeni Mwenye Kamera na Mzee Asiyeweza Kurudi Kwao

Je, mama mpendwa, ungejisikiaje kama mgeni kutoka nchi ya mbali angebisha hodi nyumbani kwako akiwa na kamera begani? Anaomba akae nanyi, si kwa alasiri moja bali kwa muda, apige picha mnapopika, mnapobishana na mnapowakumbuka waliotangulia. Kisha anafunga mizigo yake na kwenda kuwaonyesha watu wengi ambao ninyi hamtawaona kamwe. Wengi wetu tungesema "Karibu", maana ndivyo tulivyolelewa. Swali lingekuja usiku, mgeni akishalala: huyu hasa anataka nini kwetu?

Jambo hilo limekwisha kutokea, na si mbali na hapa kwetu. Ukipanda basi la Arusha pale Makanya, ukapita Same, Mwanga, Himo na Moshi, kisha ukaiacha nyuma njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, unakaribia Maji ya Chai. Kando kidogo ya barabara kuu kipo kijiji cha Imbaseni, katika Wilaya ya Arumeru. Abiria wengi hupita hapo wakiutazama Mlima Meru, au wakisinzia. Wachache wanajua kwamba katika kijiji hicho Mmarekani mweusi, Bw. Pete O'Neal, na mkewe Charlotte walijenga nyumba na kulima shamba, na kwamba sababu ya kuwa pale ni hukumu iliyotolewa na mahakama ya Marekani mwaka 1970.

Hapo ndipo alipokuja mtengeneza filamu Aaron Matthews. Filamu aliyoipiga, A Panther in Africa, ilionyeshwa katika televisheni ya umma ya Marekani mwaka 2004, katika mfululizo wa filamu uitwao POV. Haina waigizaji. Wengi wetu sinema ya kwanza tuliyoitazama ni ile ya maisha ya Yesu, iliyoonyeshwa usiku kwenye shuka jeupe uwanjani, na tulijua kwamba yule aliyesulubiwa mle alishuka msalabani akavua mavazi na kwenda kula chakula chake cha jioni. Filamu ya aina ya Matthews ni kitu kingine. Mtu unayemwona ndani yake ndiye mwenyewe, na filamu ikiisha yeye anabaki na maisha yake yaleyale.

ALIKIMBIA NINI?

Pete O'Neal alizaliwa mwaka 1940 katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri. Ujana wake haukuwa wa kusifiwa, na yeye mwenyewe hakuwahi kuuficha: alikuwa mhuni wa mitaani na aliwahi kufungwa jela. Mwaka 1969 akawa kiongozi wa tawi la Kansas City la chama cha Black Panther, yaani Chui Weusi. Chama hicho kilianzishwa na Huey Newton na Bobby Seale mjini Oakland, California, mwezi Oktoba 1966. Vijana wake walivaa kofia nyeusi za bereti na makoti ya ngozi, na walitembea na bunduki hadharani wakiwafuata polisi waone wanavyowatendea watu weusi.

Najua wapo akina mama watakaouliza kwa nini jarida la familia za Kikristo limpe nafasi mtu wa bunduki, tena aliyeikimbia mahakama. Swali ni la haki. Mimi sipendi bunduki. Lakini tusisome nusu ya habari. Mwezi Januari 1969 chama hichohicho kilianza kuwapikia watoto chakula cha asubuhi bure kabla ya kwenda shule, na mahali kilipoanzia ni katika ukumbi wa kanisa, Kanisa la Mtakatifu Augustino la Waepiskopali, pale Oakland. Mpango ukaenea katika miji mingi, Kansas City ukiwemo. Aliyewahi kumpima mtoto uzito akauona mkono wake ulivyo mwembamba hahitaji kufafanuliwa kwa nini uji wa asubuhi ni jambo kubwa kuliko hotuba.

Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lililoongozwa na J. Edgar Hoover, lilikitazama chama hicho kama adui mkubwa wa nchi. Alfajiri ya Desemba 4, 1969, polisi walivamia nyumba moja mjini Chicago wakampiga risasi Fred Hampton, kiongozi wa Chui Weusi mwenye umri wa miaka 21, akiwa kitandani. Kando yake alikuwa amelala mchumba wake, mjamzito wa zaidi ya miezi minane. Huyo binti alinusurika na mtoto akazaliwa. Nalitaja hili kwa sababu bila hilo hatuwezi kuelewa hofu iliyowakimbiza watu wengine wa chama hicho.

O'Neal alikuwa amekwisha kamatwa, Oktoba 30, 1969, kwa kosa la kusafirisha bunduki kuvuka mpaka wa jimbo. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Akiwa nje kwa dhamana akatoroka, akifuatana na mkewe Charlotte, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 20. Walipitia Sweden, wakakaa Algeria, na mwaka 1972 wakaingia Tanzania.

Ilikuwa Tanzania ya Mwalimu Nyerere. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru kutoka Msumbiji, Afrika Kusini na kwingineko walikuwa na ofisi zao pale. Mmarekani mweusi aliyekimbia kwao hakuonekana kioja. Baadaye hawa wawili wakahamia Imbaseni. Watu wa mjini hao wakajifunza kulima, kufuga na kujenga, wakawalea watoto wao wawili, na mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha jamii kinachojulikana kwa kifupi kama UAACC, kilichotoa masomo bure kwa vijana wa kijiji: Kiingereza, kompyuta, uchoraji, muziki. Baada ya miaka wakaongeza makao ya watoto, wakalea watoto wa wengine kama wao.

MZEE ANA HOTUBA, MGENI ANASUBIRI IISHE

Sasa tumrudie mgeni wetu. Kabla ya kuja Imbaseni, Matthews alikuwa ametengeneza filamu iitwayo My American Girls, ya mwaka 2001, juu ya familia kutoka Jamhuri ya Dominika iliyokuwa ikiishi Brooklyn, New York. Filamu hiyo inahusu wazazi wanaofanya kazi mchana na usiku na mabinti wanaokua katika nchi ambayo si ya wazazi wao. Maana yake ni kwamba aliyebisha hodi Imbaseni alikuwa mtu aliyezoea kuketi jikoni mwa watu. Jicho lake lilikuwa la nyumbani.

Nami naona hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu kati ya watu wawili kama hawa. Mzee aliyepigania jambo maisha yake yote ana hotuba. Ameitoa mara mia, imelainika kama mpini wa jembe la zamani. Anajua wapi pa kupandisha sauti. Hotuba hiyo si uongo, bali ni njia aliyoichagua ya kubeba yaliyompata bila kuanguka. Mwenye kamera anaisikiliza kwa heshima, anairekodi yote, kisha hazimi kamera. Anasubiri mzee anyamaze, atazame mlima, aseme neno ambalo hakulipanga.

Sisi wauguzi tunalijua jambo hili. Mgonjwa mzee akifika humweleza mganga ugonjwa aliokwisha kuamua kuueleza. Ule wenyewe huja saa nne za usiku unapomtengenezea shuka, wakati umekwisha kushika mlango uondoke. Tofauti ni kwamba mimi nimekatazwa na kazi yangu kuyatoa nje yale niliyoambiwa. Mtengeneza filamu kazi yake ni kuyatoa nje. Mzee naye anajua hivyo tangu mwanzo, na bado anasema. Kwa nini?

Kwa sababu naye ana haja zake, na wala si aibu. O'Neal alikuwa na kesi. Siku zote ameshikilia kwamba alishitakiwa kwa sababu ya siasa zake, na mawakili walijaribu kuirudisha hukumu ile mahakamani bila mafanikio. Ndugu yake wa ukoo, Emanuel Cleaver, aliyekuwa meya wa Kansas City na baadaye mbunge, alijaribu kumtafutia msamaha kwa Rais wa nchi hiyo, nao haukupatikana. Kituo nacho kilihitaji marafiki na watu wa kujitolea. Filamu ikionekana Marekani ingeweza kuvisaidia vyote viwili. Matthews kwa upande wake alihitaji habari nzuri ya kusimulia, na mtu aliyeishi nusu ya maisha yake uhamishoni ni habari nzuri. Kila mmoja alikuwa na lake mkononi. Sioni ubaya hapo; hata mama mkwe na mkwe huelewana vizuri zaidi kila mmoja anapojua mwenzake anahitaji nini.

Lakini walikuwa hawalingani katika jambo moja, na jambo hilo ndilo zito kuliko mengine. Mwenye kamera alikuwa na tiketi ya kurudi. Kwa zaidi ya miaka 40 Pete O'Neal hakukanyaga Kansas City, kwa sababu angekanyaga angekamatwa. Matthews angeweza kubeba sura ya mzee huyu, sauti yake, kicheko chake na ukimya wake, vyote ndani ya mikanda, akashuka navyo uwanja wa ndege wa New York bila afisa yeyote kumsimamisha. Picha iliruhusiwa kuingia nchini mwake. Mtu mwenyewe hakuruhusiwa, isipokuwa kwa njia ya jela. Hebu fikiria, mama, kumkabidhi mtu sura yako airudishe kwenu, ukijua kwamba ndugu zako, wanaokukumbuka ukiwa kijana, wataiona kwenye televisheni ukiwa umezeeka, na kwamba yeye ndiye atakayechagua waone kipi.

Kwetu Upare tunaweza kuelewa. Mtu wetu anaweza kukaa Dar es Salaam au Mwanza miaka thelathini, lakini mazishi hayamkosi, na Krismasi akipata nauli anapanda mlima. Mtu asiyeweza kuzika wa kwao amebeba kitu ambacho sisi tulio karibu hatukijui.

JINA LA FILAMU

Nina neno moja la kulalamika, na naomba nilisema. Ni jina lenyewe, A Panther in Africa, yaani Chui katika Afrika. O'Neal aliongoza lile tawi la Kansas City kwa muda mfupi tu, kisha akaja kuishi Tanzania. Filamu ilipotoka alikuwa na miaka 64. Miaka zaidi ya thelathini ya kulima, kujenga madarasa, kuwafundisha watoto wa Kimeru na kuishi na mke mmoja ilikuwa imepita, na bado jina linambandika ile bereti ya ujana wake.

Hata hivyo sitamlaumu Matthews peke yake, kwani inawezekana kabisa kwamba mzee mwenyewe angechagua jina hilohilo. Filamu yenyewe inamwonyesha kama mtu anayeishi kati ya dunia mbili: Marekani na Afrika, ukali wa zamani na maisha ya sasa asiyoyajua yataishia wapi. Hakuukana uchui wake. Aliuona kama ndio uliomtoa katika uhuni na kumpa maana. Mwanaharakati akizeeka hana hofu ya kufa tu. Ana hofu kwamba vijana watasema yale yote yalikuwa ya bure. Kwa hiyo ukimwambia, "Mzee, acha habari za bunduki, tuonyeshe unavyowalea watoto," unaweza kudhani unamheshimu, kumbe unamnyang'anya kitu. Na ukimwambia, "Acha watoto, tuambie habari za bunduki," unamnyang'anya kingine. Sijui kama yupo mtengeneza filamu awezaye kuushinda mtego huo. Aliyeukwepa kabisa pengine hakumpenda mtu wake vya kutosha.

Alikuwepo mtu mmoja ambaye O'Neal hakuhitaji kumweleza lolote. Geronimo ji Jaga, aliyekuwa akiitwa Geronimo Pratt, alikuwa Chui mwenzake aliyekaa gerezani California miaka 27 kwa mauaji ambayo alikana siku zote, mpaka hukumu yake ilipofutwa mwaka 1997. Mwaka 2000 alilipwa fidia ya dola milioni 4.5. Naye alikuja kuishi huku, akawa jirani wa rafiki yake, na mwezi Juni 2011 akafariki hapahapa Tanzania akiwa na miaka 63. Mmoja alikimbia akapoteza nchi. Mwingine alibaki akapoteza miaka 27. Sijawahi kupata jibu ni yupi kati yao aliyechagua vema.

Tunaosoma Biblia tunamjua mtu mwingine aliyeua, akakimbilia nchi ya wageni, akaoa huko, akachunga kondoo za baba mkwe hadi akawa mtu mzima. Musa alikaa Midiani miaka mingi kabla ya kuitwa. Huwa tunaruka haraka kufika kwenye kijiti kiwakacho moto. Ile miaka ya katikati, ya maziwa na pamba za kondoo na kulea watoto katika lugha ya ugenini, haina sura hata moja ndefu. Laiti Sipora angeulizwa!

MAMA C

Maana yupo mke. Wanaomjua humwita Mama C. Charlotte alizaliwa mwaka 1951 upande wa pili wa Kansas City, ule ulio jimbo la Kansas, na alijiunga na Chui Weusi akiwa binti wa miaka 18. Ni msanii, mshairi, mpiga nyatiti, kile chombo cha nyuzi nane cha Wajaluo ambacho kwa desturi kilikuwa cha wanaume. Kesi ya bunduki haikuwa yake. Kwa hiyo yeye aliweza kwenda Marekani na kurudi, mwaka hadi mwaka, kuzungumza vyuoni, kuimba, kuwatafutia watoto wa kituo misaada, kuwaona watu wa kwao.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo sisi wenye ndoa tunapoguswa. Mke anaweza kwenda nyumbani, mume hawezi. Kila safari yake ni baraka kwa kituo na ni kidonda kwa mume. Ataondoka na salamu, atarudi na salamu, na habari za nani amekufa na mtaa gani umebomolewa. Je, atasimulia yote? Je, atapunguza furaha yake ili mwenzake asiumie? Wake wa wafungwa wanalijua hilo, na wake wa wanaume waliolazwa muda mrefu pia: unatoka nje kwenye jua, unarudi wodini, unajizuia kuonekana umechangamka mno. Ndoa nyingi huvunjika kwa mzigo mdogo kuliko huo. Ya hawa ilianza mwaka 1969, ikapita mabara matatu.

Miaka kadhaa baada ya filamu ya Matthews, mtengeneza filamu mwingine, mwanamke, Joanne Hershfield, alitengeneza yake juu ya Charlotte, Mama C: Urban Warrior in the African Bush. Nililisikia hilo kwa furaha. Nyumba moja, filamu mbili, kila moja ikiingia kwa mlango wake. Ingekuwa vema kila mzee maarufu ambaye maisha yake yanapigwa picha aulizwe mkewe naye, tena peke yake, mume akiwa shambani.

KAMERA INAPOGEUKA KUWA NDUGU

Si kila uhusiano wa namna hii huenda kwa amani. Wengi tunamkumbuka Bi Kidude wa Zanzibar, mwimbaji wa taarabu na fundi wa unyago, Fatuma binti Baraka. Hakuwa mwanasiasa, lakini alikuwa bibi asiyetawaliwa na mtu. Mwingereza Andy Jones alitoa filamu juu yake mwaka 2006, As Old As My Tongue. Mwaka 2012, bibi akiwa mzee sana na afya yake imedhoofika, zikavuma habari kwamba ndugu zake wamemwondoa nyumbani kwake na kwamba haruhusiwi tena kuimba. Jones akarudi kutafuta ukweli, na safari hiyo ikawa filamu ya pili, I Shot Bi Kidude. Bibi alifariki Aprili 17, 2013.

Nani alikuwa na haki pale? Kama muuguzi naelewa ndugu wanaosema mgonjwa apumzike, wageni waondoke. Nimewaona pia ndugu wanaomficha mzee kwa sababu zisizo za upendo. Na mtu aliyekaa na bibi miaka, akala naye, akamjengea jina duniani, hawezi kugeuka mgeni tena siku kamera inapozimwa. Lakini ndugu pia hajawa. Katikati hapo hapana jina. Waingereza hawana neno lake, nasi hatuna.

Jambo ambalo naona linaweza kuulizwa kwa uwazi, mapema, kabla ya kebo ya kwanza kutandazwa sebuleni, ni hili: filamu ikishakwisha, utarudi? Si kwa kamera. Utarudi kunizika? Wazee wetu wanauliza hivyo kwa njia ya kuzunguka, kwa kusema tu, "Mwanangu, usitusahau."

NA SISI HUKU SAME?

Tuliopo wilaya hii tuna sababu ya kuliwaza jambo hili, kwani tuliwahi kuwa na wanaharakati wetu wenyewe. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani wakaja kukaa Same kuipinga kodi ya mbiru, iliyowekwa na serikali ya Waingereza pamoja na watemi, ambayo kila mtu alitozwa kwa jinsi mali yake ilivyokadiriwa. Walikaa kwa zamu, muda mrefu, mashamba yakibaki kwa wanawake. Wake zao nao wakachoka kungoja. Imeandikwa kwamba mapema mwaka 1946, kule Usangi, akina mama walimkabili mkuu wa serikali wakamwambia ama alimalize jambo la kodi waume zao warudi, ama awape wote watoto yeye mwenyewe. Hatimaye kodi ile ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa Upare, aliandika kijitabu juu ya mbiru mwaka 1971, na wasomi wengine wakaandika juu ya wale akina mama.

Nimejaribu kuziwazia sura za wale mama wa Usangi nikashindwa. Kama mmoja wao alikuwa na miaka 25 wakati ule, ingekuwa lazima avuke miaka mia ndipo tumkute leo. Maandishi yapo, lakini hatusikii yule aliyetamka maneno yale alikuwa anacheka au analia. Sauti yake kamera ingeweza kutuletea.

Hapa Makanya wapo bado wazee waliokata mkonge enzi za mashamba makubwa, wanaokumbuka treni ya abiria ilivyosimama stesheni na akina mama walivyokimbilia madirishani na ndizi. Wapo waliopigania shule, zahanati, bomba la maji, na wakagombana na wakubwa kwa ajili yake. Hawatafutiwi na mtu wa televisheni ya Marekani. Lakini Desemba vijana wetu watashuka kwenye mabasi, kila mmoja na simu yenye kamera. Mwite mmoja aliye mtulivu, mpeleke kwa bibi. Aanze kwa kumwambia picha hiyo itakwenda wapi na nani ataiona, ajibu bibi mwenyewe, si mwanawe kwa niaba yake. Asimkatize akianza hotuba yake ile tunayoijua sote. Aiweke simu juu ya kitu isitikisike, asogee karibu kwa sababu upepo wa huku unaharibu sauti. Mkwe aulizwe pia. Na kama bibi atasema leo hapana, kijana aizime, aiweke mfukoni, wale makande kwanza.